Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda Bulgaria kumfuata mwanawe

Mdogo wangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Habari yenyewe ilinifikia kabla ya salamu, maana siku hizi jambo likitokea kwenu Minnesota, sisi Morogoro tunalijua kabla wewe hujalala. Tumeambiwa wakubwa wa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, wamejibu na mmeruhusiwa kwenda kumwona mtoto mnayetaka kumwasili. Ana miaka mitano, ana mtindio wa ubongo, hatembei na hasemi. Mama alinyamaza aliposikia, kisha akauliza anaitwa nani. Tangu siku hiyo anamtaja kwenye sala ya jioni pamoja na wajukuu wengine, ingawa jina lenyewe bado linampiga chenga. Hapa sitaliandika. Ni lake, na mpaka mahakama iseme, bado ni mtoto wa watu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno unayorushiwa kwenye kundi la ukoo wanarushiwa wengi, na wengi hawana dada wa kuwasemea.

Mjomba ameuliza kwa sauti, wengine kwa kunong'ona: yatima wamejaa hapa, huko Ulaya anafuata nini? Ngoja nijibu mimi, wewe umeshachoka kujibu. Wewe na shemeji mlichukua uraia wa Marekani, na Tanzania haina uraia pacha. Mbele ya sheria yetu ninyi ni wageni, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo ndipo aweze kuasili. Siilaumu sheria hiyo. Iliwekwa ili watoto wetu wasichukuliwe ovyo na kupotelea wasikojulikana. Kenya walisimamisha watoto wao kuasiliwa nje mwaka 2014, Ethiopia wakapiga marufuku mwaka 2018, na China, waliotoa watoto wengi sana, wakafunga mlango mwaka 2024. Ziko nchi ambako ilibainika watoto wenye wazazi hai waliandikwa yatima ili wapate kusafirishwa. Anayeogopa jambo hili ana haki ya kuogopa.

Lakini Bulgaria inafuata Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, ule wa kimataifa wa kuasili watoto wa nchi nyingine, unaotaka mtoto atafutiwe kwanza familia nchini kwake. Mtoto asiyetembea na asiyesema hutafutiwa familia na haipatikani. Wala Wabulgaria hawako peke yao katika hilo. Kliniki kwetu mara ngapi nimempokea bibi aliyembeba mjukuu mgongoni, kwa kuwa baba alifunga mzigo wake siku daktari alipotamka "mtindio wa ubongo"! Kwa hiyo mtoto wenu yuko huko, nanyi mnamfuata aliko. Mjomba nitampelekea aya hii aisome.

Wanaokusifu nao wananipa wasiwasi, pengine kuliko mjomba. Wanakuita malaika, wanasema mnamwokoa. Maneno hayo myakatae mapema na kwa upole, kwa sababu atayasikia. Asiyesema siyo asiyesikia. Nina watoto kliniki ambao mdomo haujatoa neno hata moja na wanafuata kila kisemwacho juu yao. Mtoto akilelewa akiambiwa aliokolewa, ataishi akidaiwa shukrani nyumbani kwake mwenyewe.

Tena usiende na picha ya jehanamu kichwani. Najua umetazama zile za Mogilino, kituo cha kaskazini mwa Bulgaria ambacho mwaka 2007 kilionyeshwa duniani, watoto wamekonda na kuyumbayumba vitandani. Kile kilifungwa, na mwaka 2010 serikali yao ikaandika mpango wa kuyafunga makao makubwa na kuweka nyumba ndogo za watoto wachache. Wako yuko kwenye moja ya nyumba hizo. Sisemi huko ni peponi. Lakini kuna mwanamke ambaye amemlisha, amemgeuza usiku na amemfuta mate, na huyo ndiye mtu ninayetaka umtafute kabla ya mkurugenzi, kabla ya wakili, kabla ya kamera yako.

Hapa ndipo penye barua yangu yote. Safari ya kwanza mnatakiwa kukaa na mtoto siku zisizopungua tano. Watu huzitumia siku hizo kumpenda, kumpa midoli na kupiga picha. Mpende, hakuna atakayekuzuia. Ila saa zako nyingi zitumie kumjifunza kwa yule anayemjua. Jalada mlilotumiwa lina uzito wake, urefu wake na majina ya madaktari. Halisemi anakunywaje maji.

Muombe mlezi amlishe mbele yako, nawe utazame bila kuingilia. Watoto wenye misuli iliyokaza wengi hulishwa wamelala chali, kichwa kimeanguka nyuma, chakula kinamiminwa. Namna hiyo hukipeleka mapafuni, na maradhi ya mapafu huwaondoa watoto wasiojiweza kuliko mtindio wenyewe. Wewe, zamu yako ikifika, mkalishe. Nyonga zikunjike, nyayo zikanyage kitu kigumu, kidevu kiinamie kifua kidogo tu. Chukua kijiko kidogo kisicho na shimo refu. Kilete kutoka mbele, usawa wa mdomo, kisitoke juu ukamfanya aangalie dari. Halafu subiri. Utaona koo linapanda na kushuka. Kijiko cha pili kinakuja baada ya hapo, hata kama chakula kinapoa, hata kama mkalimani anaangalia saa. Sikiliza pumzi yake baada ya kumeza: ikitoka na unyevunyevu, kama inapita majini, au akikohoa kila akinywa kitu chepesi, liandike. Hilo ndilo la kwanza utakalomwambia daktari mkifika Marekani.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna jalada litakaloliandika, kwa sababu kwao ni la kawaida mno. Wabulgaria wakikubali hutikisa kichwa huku na huku, na wakikataa hukiinua na kukishusha. Ni kinyume chetu kabisa. Sasa fikiria mtoto asiye na neno, mwenye kichwa tu cha kusemea. Unampa mtindi, anatikisa kichwa, unaondoa bakuli. Kumbe alikuwa anasema ndiyo, niongeze. Kwa miezi mtamtafsiri kinyume, naye atakata tamaa ya kusema. Muulize mlezi: akitaka hufanyaje? Akikataa? Akiumwa? Pengine ni jicho anapandisha, pengine ni mguu wa kushoto anakaza. Ukionyeshwa na mtu anayemjua, utalijua kwa dakika mbili.

Dawa: akiwa na kifafa, piga picha ya boksi lenyewe pamoja na maandishi yao, na uandike kipimo na saa anazopewa. Siku ya kusafiri dawa hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie kwenye begi la chini. Uliza pia kama amewahi kupigwa eksirei ya nyonga. Kati ya watoto watatu wenye mtindio, karibu mmoja nyonga yake huhama polepole kutoka mahali pake, na asiyetembea yumo hatarini zaidi. Kwa macho huoni kitu mpaka kumfunga nepi kunakuwa kilio.

Mkishamkubali itabaki kusubiri: fomu za uhamiaji, barua ya ubalozi, mahakama ya Sofia, na ni miezi. Shangazi anauliza kama mtoto atapata makaratasi. Atapata. Kwa kuwa hukumu ya kuasili itakuwa imetolewa kule kule, na mzazi ni raia wa Marekani, sheria yao ya mwaka 2000 inampa uraia pale anapoingia na viza yake kuja kukaa nanyi. Nilisoma mara mbili kuhakikisha.

Mama ametuma kanga kwa yule kijana anayesafiri mwezi ujao. Anataka uilalie mpaka ishike harufu yako, na ukiruhusiwa, umwachie mtoto mtakapoagana safari ya kwanza. Hili hakufundishwa na mtu. Mimi kazini nimesomeshwa vilevile.

Kisha itakuja siku mtakayomleta nyumbani, na nataka ujiandae kwamba hatafurahi. Atakuwa amepoteza kila alichokizoea kwa siku moja: sauti, lugha, kitanda, harufu ya jikoni, na yule mwanamke. Huenda akagoma kula. Huenda akalia usiku kucha, au asilie kabisa, na kutolia ndiko kunakonitisha zaidi. Watafiti waliofuatilia watoto wa makao ya Romania tangu mwaka 2000 walikuta kwamba waliohamishiwa kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili walisogea mbele zaidi kuliko waliochelewa. Wako ana mitano. Kuna yatakayorudi na kuna yasiyorudi, na simtaki mtu wa ukoo huu akupimie upendo wenu kwa hatua atakazotembea. Anaweza asitembee kamwe. Atahitaji kiti kinachomshika vizuri na watu wasiokwenda popote.

Watanzania wenzenu huko nawajua. Siku ya kwanza watakuja na masufuria ya pilau na watoto wao wote, kila mmoja akitaka kumbeba. Shemeji akae mlangoni. Chakula apokee na kushukuru, lakini kumbeba bado. Majuma ya mwanzo ninyi wawili tu ndio mumlishe, mumwogeshe na mumlaze, mpaka ajue mikono ipi ni ya wazazi wake. Atakayenuna muelekeze kwangu.

La mwisho ni ombi la kazi. Ukimrekodi akila, simama ubavuni kwake, usisimame mbele. Nataka kuona kidevu, shingo na mgongo kwa pamoja, na mwanga utoke dirishani. Nitumie jioni ya siku ya kwanza au ya pili, usingoje mpaka mrudi Minnesota, ili nikiona jambo uwe na muda wa kumuuliza mlezi. Saa za Sofia na za kwetu zimekaribiana, na simu yangu nitaiacha wazi.

Dada yako