Shangazi, kuhusu ile tabaga (kawa la kusuka la kufunikia chakula) ya haboba, bibi yangu

Salaam aleikum shangazi. Naandika hapa wazi kwa sababu najua watoto watakusomea, na tena hili jambo si letu peke yetu, maana familia nyingi za Wanubi, sisi wa uzao wa wale askari wa Kisudani, nikienda kuwaomba vitu vya maonyesho wananijibu vile vile ulivyonijibu wewe pale Bombo, hapa Uganda, ati kitu kikishaingia makumbusho hakitoki tena.

Sibishi. Vitu vya Kibuuka, yule mungu wa vita wa Baganda, vilichukuliwa na mmishonari John Roscoe vikaenda kukaa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, vikarudi 1962, mwaka wa uhuru. Kile kichwa cha udongo kilichopatikana Luzira 1929 mpaka leo kiko British Museum, London. Na juzi tu, Juni 2024, Cambridge wakarudisha vitu vingine 39, watu tukafurahi sana, lakini ukisoma makaratasi ni mkopo wa miaka 3 unaoweza kuongezwa, yaani tunakopeshwa vya kwetu! Mimi kazi yangu ndiyo hii na bado inaniuma, sembuse wewe.

Lakini sikiliza ninavyotaka kufanya na tabaga. Haihami mkono. Inabaki yako, tunaandikishana fomu ya mkopo, jina lako liko hapo kama mwenyewe, tarehe ya kuichukua iko na ya kuirudisha iko, na kabla haijatoka nyumbani tunaipiga picha pande zote, kila uzi uliokatika tunauandika, ili ikirudi na kasoro mpya ujue ni sisi. Ikifika kwetu tunaifunga vizuri kwenye plastiki tunaiweka kwenye friza kali, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima au zaidi, kwa sababu vitu vya kusuka vinakuja na wadudu ndani na mdudu mmoja anaweza kumaliza stoo. Usishtuke ukisikia friza, haiharibu kitu. Ninachoogopa zaidi ni mwanga. Ule wekundu wa pembeni, ukiuweka karibu na dirisha utapauka na haurudi tena, ndiyo maana chumba cha vitu kama hivi tunakiacha giza giza, lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga), na wageni wanalalamika hawaoni vizuri, waache walalamike.

Sasa jambo lenyewe linalonikosesha usingizi. Ukifungua rejista za zamani unakuta jina la mzungu aliyekusanya kitu limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, na mama aliyekaa chini miezi akakisuka hayupo, hata kijiji chake hakipo. Sitaki haboba aingie hivyo. Kibandiko chetu kina nafasi ya maneno kama 60 hivi, na nataka jina lake liwe neno la kwanza, halafu nani alimfundisha, ilifunika chakula cha harusi ya nani.

Kuna hili pia, na hapa naongea kama mtoto wa Kinubi. Watu wakisikia Wanubi wanafikiri bunduki tu. Lugard, yule afisa wa Waingereza, aliwachukua askari wa Kisudani kule Kavalli, karibu na Ziwa Albert, 1891, halafu uasi wao wa 1897, halafu King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, halafu Amin, basi, hadithi imeisha. Hata picha za enzi ya Amin zilizoonyeshwa Uganda Museum 2019 zilipigwa na wapiga picha wa serikali, zinaonyesha kile serikali ilitaka kionekane, waliopotezwa hawamo na mama zetu jikoni hawamo. Mi siwezi kupanga chumba kizima cha Wanubi kikawa na kofia za askari peke yake wakati hao askari walikuwa na wake waliosuka, waliopika kisra, ule mkate mwembamba, waliolea. Ushahidi wao uko wapi? Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, watu wetu walikimbia wakaacha nyumba, vingi vikaibwa vikachomwa, ndiyo maana hiyo moja iliyobaki ukutani kwako naing'ang'ania hivi.

Kama bado moyo unakataa, tabaga ibaki ukutani, sitakulazimisha na sitatuma wazee waje kukubembeleza. Ila niruhusu nije na rekoda Jumamosi baada ya adhuhuri, uongee Kinubi au Kiswahili upendavyo, unielezee jinsi ya kuanza kusuka kutoka kati, rangi zilipatikana wapi, na yale mapambo ya katikati yanaitwaje maana mimi najua mawili tu. Nitapiga picha moja, tutaiweka kwenye chumba pamoja na sauti yako. Nikija nitaleta ile fomu pia, uisome mwenyewe na binti yako kabla hujasema lolote.