Nyuzinyuzi si rafiki wa kila tumbo

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa Jumapili iliyopita uliwahimiza wasomaji wale dona, kisamvu, mahindi ya kuchemsha na machungwa na makapi yake, vyakula vyenye nyuzinyuzi, ili wapate choo laini. Sina ugomvi na mwandishi, wengi ushauri huo unawafaa. Ila mimi nikiufuata, jioni hiyohiyo nitakuwa wodini.

Ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Mwaka 2009 nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kilichokuwa kimeshapasuka, usaha umesambaa tumboni. Nikapona, kovu likakauka, nikaambiwa nisinyanyue ndoo za maji kwa muda. Habari ya makovu ya ndani hakuna aliyenigusia. Kumbe tumbo likishafunguliwa, iwe kwa kidole tumbo, kwa uvimbe wa kizazi au kwa kujifungua, ndani panaweza kuota nyuzi za kovu zikaunasa utumbo kwenye ukuta wa tumbo, au utumbo kwa utumbo, kama bitana iliyoshonewa pasipo pake. Miaka inaweza kupita kabla haijaanza kuvuta.

Yangu ilianza 2016. Maumivu huja kwa mawimbi. Yakinishika naacha cherehani, nainama. Donge hujitokeza karibu na kitovu, hutembea kuelekea kulia, hunguruma hadi mteja aliyekaa kwenye benchi akasikia, kisha huachia. Likigoma kuachia, matapishi hufuata.

Nilitibiwa vidonda vya tumbo mpaka dawa zake nikazijua kwa rangi. Wengine walisema gesi, shangazi akasema mchango. Ultrasaundi ikatoka safi, maana nyuzi hizi kwa kawaida hazionekani humo. Aliyenijua ni daktari mmoja mtu mzima, ambaye kabla ya kuandika chochote aliniomba nifunue tumbo. Akaliona kovu, akaagiza eksirei nikiwa nimesimama. Utumbo ulikuwa umeziba nusu. Nikawekewa mpira wa puani na dripu, nikakatazwa kula, na kila asubuhi kijana aliyevaa tai nadhifu alikuja kuniuliza, bila hata kutabasamu: "Mama, umejamba?" Siku nilipoitikia ndiyo, wodi nzima ilishangilia.

Nilimuuliza yule daktari kwa nini asinipasue tu, yaishe. Akasema kila kisu kinaweza kuleta nyuzi mpya, kwa hiyo maadamu utumbo bado unapitisha na hauna dalili za kufa, ni heri kusubiri.

Basi nimejifunza kuishi nalo. Makapi na nyuzinyuzi hukwama pale utumbo ulipobanwa, kwa hiyo nakula kidogo kidogo, natafuna sana. Mtori, wali uliolainika, changu wa kuchemsha, uji wa sembe. Chungwa nafyonza maji, makapi natema. Embe zenye nyuzi nazitazama tu, na msimu wake Tanga ni mtihani. Kwenye harusi nikikataa nyama ngumu, watu huniambia naringa, au wanahesabu miezi. Kwa umri huu!

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnaposifia nyuzinyuzi, ongezeni sentensi moja: aliyewahi kupasuliwa tumbo na anayepata misokoto ya aina hii amuone daktari kwanza. Na hospitali zetu zimwambie mgonjwa, siku ya kumruhusu, kwamba jambo hili lipo. Hata mstari mmoja kwenye kadi ungetosha, ili kesho na keshokutwa akiumwa ajue kulionyesha kovu lake bila kungoja kuulizwa.

Jambo jingine, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Huku kwetu mtu asipopata choo na tumbo likajaa, jirani mwema huja na chumvi ya haluli au mafuta ya nyonyo. Utumbo ulioziba ukisukumwa hivyo unaweza kupasuka. Tumbo likivimba, hupati choo wala upepo, unatapika kijani, au maumivu yaliyokuwa yakija na kuondoka sasa hayaachii, usinywe kitu. Tafuta bajaji uende hospitali, hata kama ni saa nane za usiku.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu unalo, mhariri; naomba lisitajwe)