Mtaro ulikuwa safi, faini ya nini?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako nieleze jambo lililotokea mtaani kwetu, hapa jijini Mbeya. Mtaa siutaji. Sina nia ya kumwaibisha mtu, na tena nikiutaja sijui nitaendaje kwa mwenyekiti siku nikihitaji barua ya utambulisho.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Maduka hayafunguliwi mpaka saa nne, na mgambo anapita na daftari nyumba kwa nyumba. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza viazi sokoni, ni Msabato, na kwao tangu Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama ni Sabato, hakuna kazi. Ijumaa ile nilimwona kwa macho yangu. Aliwahi kurudi kutoka sokoni, akajifunga khanga kiunoni, akashika jembe na fyekeo, akazoa tope lote la mtaro kuanzia kwenye kalavati mpaka kwenye kona ya ua wangu. Kile kipande cha mwisho, niseme ukweli, kilikuwa zamu yangu. Jua lilipokaribia kuzama akaosha jembe, akaingia ndani.

Asubuhi yake anatoka na gauni jeupe, Biblia na lesoni (kitabu cha masomo ya Sabato) mkononi, anamkuta mgambo getini. Mgambo amesimama ukingoni mwa mtaro ambao ungeweza kutandika mkeka ndani yake ukalala. Hakuutazama. Alitazama daftari. "Mama, jina lako halina tiki." Shilingi 10,000, mkononi, risiti hakuna. Mama hakubishana. Alikuwa anawahi Shule ya Sabato.

Hela hiyo si ndogo kwa muuza viazi, ila kinachoniuma zaidi ni kwamba faini ile tuliipitisha wenyewe mkutanoni, na mkutano wenyewe nilifungua mimi kwa sala. Mwenyekiti alisema, "Mzee, tuombee, na wengine kila mtu kwa imani yake." Nikaomba. Hazikupita dakika 20 tukanyoosha mikono kwamba asiyeonekana Jumamosi alipe. Na mimi nikanyoosha. Haikunijia kabisa kwamba katika hizo imani tulizozitaja kwenye sala, mojawapo tumeshaipangia bei.

Sisi wa Jumapili tumezoea vibaya. Siku yetu ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, hakuna mtendaji atakayetuita mtaroni saa tatu asubuhi wakati kwaya inaimba. Hatujawahi kuomba ruhusa ya kwenda kanisani, kwa hiyo hatujui kuomba huko kunafananaje.

Na mimi ni mzee wa kanisa la Moravian, ndiyo maana naona haya. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wa kanisa lililofufukia Herrnhut, Ujerumani, kijiji kilichoanza mwaka 1722 kwa watu waliokimbia kwao Moravia kwa sababu watawala hawakutaka waabudu kama dhamiri zao zilivyowatuma. Kabla ya hao alikuwepo Jan Hus, mhubiri ambaye kanisa letu linatokana na wafuasi wake, aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415 kwa sababu ya imani yake. Tunamhubiri kila Julai. Mama wa viazi hajachomwa na mtu, najua, na mgambo wetu ni kijana mstaarabu tu anayetimiza alichotumwa. Lakini kanisa lililozaliwa na wakimbizi wa dhamiri lilikuwa na mzee wake pale mkutanoni, na mzee huyo alinyoosha mkono.

Nilipomweleza mwenzangu kanisani akanijibu kwa Warumi 13, kwamba kila mtu atii mamlaka. Sawa. Nikamwomba avuke sura moja tu. Katika Warumi 14 Paulo anazungumzia hawa hawa, mmoja anayeiona siku fulani kuwa bora na mwenzake anayeziona zote sawa, na hasemi anayeheshimu siku yake atozwe. Mwenzangu alicheka, akasema nimeanza kuwa Msabato. Hapana. Kuhusu Sabato sikubaliani na jirani yangu hata kidogo, na tumeshalibishania sana huku tunamenya viazi vyake.

Katiba yetu nayo haijajificha. Ibara ya 3 inasema nchi hii haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua mambo ya dini, hata wa kubadili dini akitaka. Najua Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya mambo kama afya ya jamii, na kipindupindu si mchezo. Lakini hapo afya ya jamii ilidhurika wapi? Tope lilishatoka tangu Ijumaa. Halafu kutunga sheria ndogo ni kazi ya halmashauri ya jiji. Mkutano wa mtaa hauwezi kunyoosha mikono ukazaa faini.

Wapo wanaosema ukiwaachia hawa, wavivu wote watakuwa Wasabato kila mwisho wa mwezi. Mvivu dawa yake ni kukaguliwa mtaro. Msabato aliyezibua Ijumaa mtaro wake unaonekana, na Mmoravian aliyekuja Jumamosi kuegemea fyekeo na kupiga soga, wa kwake unaonekana pia. (Siwataji, wanajijua.) Mwingine akaniuliza, na Waislamu wakidai Ijumaa? Lakini nani hapa Mbeya anaitisha mkutano Ijumaa saa saba mchana? Hatuitishi, na hakuna aliyetulazimisha. Tumezoea kuwaheshimu, basi.

Na siku si msahafu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 ulifanyika Jumapili, tarehe 24 Novemba. Uliofuata, wa mwaka 2024, ukawa Jumatano, tarehe 27 Novemba. Hata Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akaagiza nchi nzima ifanye usafi, ilikuwa Jumatano. Siku hiyo jirani yangu alikuwa mtaroni kabla yangu, na kijana wake anasukuma toroli.

Ninachoomba kwa viongozi wa mitaa ni kidogo. Kwenye daftari waongeze safu: aliyemaliza kipande chake Ijumaa kabla ya jua kuzama aandikwe, mgambo akipita Jumamosi akague mtaro badala ya kusubiri mtu. Anayetaka kufanya Jumapili asubuhi naye aachwe. Hapo najua itakuja zamu yetu ya kuvumilia, maana tutakuwa kwenye liturujia na nje jembe linagonga mawe.

Mkutano ujao wa mtaa nimeshaomba hoja hii iwekwe kwenye ajenda. Mwenyekiti amekubali, ila ameniambia sala ya kufungua safari hii atampa mtu mwingine. Nimemwomba ampe yule mama.

Ni mimi,
Mzee wa Kanisa,
Mbeya