Risala ya Klabu ya Uhandisi ya Shule ya Msingi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi: shikamooni. Wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Kwa niaba ya wanachama 34 wa Klabu ya Uhandisi tunakukaribisha shuleni kwetu. Jua la leo si la mchezo, kwa hiyo hatutakuchosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Klabu hii ilianzia kivukoni. Wengi wetu tumekua tukisubiri foleni ya kutoka Kigongo kwenda Busisi, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria, mama anahesabu saa huku dagaa wake wakisubiri soko. Juni 2025 daraja la kilometa 3 lilipofunguliwa, tulirudi darasani na swali moja: mbona halidondoki? Mwalimu wetu wa Sayansi hakutujibu. Alitupa mabua ya mahindi, kamba za katani na vipande vya tyubu, akatuambia tujenge la kwetu kati ya meza mbili, kisha tuning'inize ndoo katikati.

Daraja la kwanza lilibeba lita 2 za maji. Likaanguka, madaftari yakalowa, darasa zima likacheka. Waliokuwa wa kwanza kususa hawakuwa wale tunaowaita vilaza. Walikuwa vipanga, wale wanaoongoza darasani! Kipanga amezoea kupata. Kazi ikimharibikia mbele za watu anaona jina lake ndilo limeanguka. Mwalimu akatusimulia kwamba mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa akili walilegea baada ya kukutana na maswali magumu; waliosifiwa kwa juhudi wakaendelea kuhangaika nayo, na wakafanya vizuri zaidi. Wapo watafiti wa baadaye wanaosema faida ya kuwafundisha watoto kwamba akili hukua kwa juhudi ni ndogo kuliko ilivyovumishwa. Hatubishani nao. Sisi tunasema tulichokiona mezani.

Tangu siku ile, mwanaklabu haruhusiwi kusema "siwezi". Anasema "sijaweza", kisha anaonyesha palipokatika na kupaandika kwenye Daftari la Kuvunjika. Ukurasa wa kwanza unasomeka: "Bua zima. Kamba ililegea kwenye kiungo." Wa tatu: "Fremu ya pembe nne imelala upande." Ukurasa huo ndio uliotufumbua macho. Tulipokatiza kijiti cha mshazari, pembe nne ikawa pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja urefuke, ujikunje au ukatike. Tulipopita tena Busisi tuliziangalia nyaya zile zinazoshuka kutoka kwenye nguzo, tukaona pembetatu zetu. Daraja letu la saba limebeba lita 14.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hatukosi shida. Tunakata mabua kwa wembe, na wawili wetu wameshajikata vidole. Kazi zetu tunazilaza juu ya kabati la walimu, panya nao wana uhandisi wao. Tunaomba misumeno midogo miwili, koleo tatu, gundi ya mbao na sanduku lenye kufuli.

Ombi la pili halina gharama, ingawa tunajua ndilo gumu zaidi. Siku ya kufunga shule huitwa mbele wa kwanza, wa pili na wa tatu, wengine tunapiga makofi. Tunaomba aitwe pia mwenye daftari lililojaa masahihisho. Na wazazi wetu mliopo hapa, mtoto akirudi nyumbani, kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi, muulizeni leo kimemshinda nini na kesho atakijaribu vipi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daraja la nane liko pale chini ya mwembe, halijajaribiwa. Tunakuomba uje uijaze ndoo wewe mwenyewe. Likianguka usione haya. Daftari lipo, na kalamu tumekuwekea.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanafunzi wako,
Klabu ya Uhandisi