Risala ya Wanafunzi wa Usanifu Majengo kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kupokea Michoro ya Maktaba, Mbeya

Ndugu Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuja huku kwetu katika baridi hii ya Juni kupokea michoro ya awali ya jengo la maktaba na utafiti. Tumeipitia michoro hiyo ukurasa kwa ukurasa. Tunalitaka sana jengo hili, na kwa sababu hiyo tunaomba kusema mapema: lijengwe kwa hali ya hewa na ardhi ya Mbeya.

Ndugu Mgeni Rasmi, maktaba ya taifa ya Ufaransa, iliyofungua milango kwa wasomaji mjini Paris mwaka 1996, iliweka vitabu ndani ya minara minne ya vioo. Mwanga wa jua huchakaza karatasi, ikabidi kuweka mbao nyuma ya vioo hivyo ili kuukinga. Maktaba ya Alexandria, Misri, iliyozinduliwa mwaka 2002, ilianza na jua lenyewe: paa lake limeinama kuelekea baharini, kaskazini, ambako mwanga huingia bila kuwachoma wasomaji.

Lakini hata hiyo ya Misri tusiinakili. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, karibu nyuzi 9. Mwezi huu jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Desemba linasogea kusini kidogo. Pande hizo mbili paa lililotokeza vizuri linatosha kuweka kivuli. Tatizo ni jua la asubuhi na la jioni, ambalo huja likiwa chini na kupita chini ya paa lolote. Kwa hiyo jengo lilale mashariki kwa magharibi, na ukuta wa magharibi, ambao michoro inauonyesha wote kioo, uwe wa matofali ya kuchoma. Vyumba vya kusomea vikae kaskazini. Kipindi hiki tunasoma tukiwa na makoti na vidole vimekufa ganzi; jua hilo ni joto la bure, na umeme ukikatika mwanga bado upo.

La pili ni uzito. Kwa kawaida wahandisi hukadiria sakafu ya chumba cha kusomea ibebe kilo 290 hivi kwa mita ya mraba. Ya rafu za vitabu, zaidi ya kilo 700. Michoro imeziweka rafu ghorofa ya juu kabisa, nasi tunaishi kwenye Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika. Uzito ukiwa juu, tetemeko hulisukuma jengo kwa nguvu zaidi. Tunaomba rafu zishuke ghorofa ya chini, msingi uinuliwe na mitaro ichimbwe vizuri, maana mvua za hapa, kuanzia Novemba hadi Aprili, zinajulikana.

Na mabomba ya maabara yasipite juu ya vitabu. Hilo halihitaji maelezo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie wasanifu wakutane na wanafunzi, wakutubi na mafundi wa hapa Mbeya kabla michoro haijapigwa muhuri. Tuko tayari kupima kivuli cha kiwanja wenyewe, asubuhi hadi jioni, na kuwakabidhi vipimo hivyo.

Naomba kuwasilisha.