Kupiga Windows 11 ofisi nzima: kwa nini hatuanzi na flashi

Lawama tunayoisikia kila mara: "Fundi wa stendi anapiga Windows kwa hela ya chai, nyie mnataka pesa yote hiyo na siku mbili juu!" Kupiga Windows ni kazi ndogo. Pesa inakwenda kwenye yale yanayofanyika kabla.

Tangu Oktoba 14, 2025 Windows 10 haipati masasisho ya kawaida ya usalama, ndiyo maana kila ofisi ya Arusha sasa inataka 11. Lakini 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta), UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta) yenye Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), ramu isiyopungua GB 4, na prosesa inayokubalika, ambayo kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Soma namba: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Dell OptiPlex 3020, ambazo bado zimejaa maofisini, ni za kizazi cha 4 na zinatumia ramu za DDR3.

Hapo ndipo flashi ya kuruka ukaguzi inapoingia, ile iliyotengenezwa ili Windows isiangalie masharti hayo. Windows 11 inakaa, mteja anafurahi. Baadaye toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, na Microsoft hawaahidi hata masasisho ya usalama kwa mashine kama hiyo. Baya zaidi ni "activator" ya bure (programu ya kuiwezesha Windows bila kununua leseni), ile inayokuomba uzime antivirus kwanza. Ukishaizima, umefungua mlango kwa chochote kilichofichwa ndani yake, na kwenye kompyuta ya mhasibu tena!

Sisi tunapita mashine moja moja. Tunafungua msinfo32 kuona kama ni UEFI au Legacy (mfumo wa zamani wa kuwasha), kisha tpm.msc kuona kama TPM ipo. Mara nyingi mashine ya kizazi cha 8 "inakataa" kwa sababu tu PTT (TPM ya Intel iliyomo ndani ya mashine) imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kuwashia mashine), inawashwa, basi. Kama diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, tunaigeuza kwanza kuwa GPT, mtindo mpya, kwa programu ya mbr2gpt ndipo tunahamia UEFI. Ukianza na UEFI, Windows haifunguki, na hapo ndipo mtu anaambiwa diski imekufa anunue nyingine.

Halafu bakapu. "Mafaili yangu yote yapo Desktop" si kweli hata siku moja. Kuna faili la .pst la Outlook lenye barua pepe za wateja za miaka mingi, la .qbw la QuickBooks (programu ya mahesabu), na nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Tunanakili kwenye diski ya nje, tunafungua baadhi kuhakiki, ndipo tunafomati. Bei yetu ipo hapo.

Kwa mashine zinazofaa, SSD (diski ya kasi) ya GB 256 na ramu ya GB 8 ndivyo vitu ambavyo mtumiaji ataona tofauti yake. Kisha tunapunguza: antivirus moja, si mbili zinazogombana, programu zinazojiwasha zenyewe tunazizima, na mfanyakazi anapewa akaunti ya kawaida, siyo ya administrator. Za kizazi cha 4 zinazoandika barua na kufungua intaneti tu, Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows) inazitosha, ila QuickBooks ya kompyuta haikai humo, na printa tunaijaribu kwanza.

Tunaanza na kompyuta moja, ichape, iskani na ifungue mahesabu kwa wiki nzima, ndipo zifuate nyingine. Kampuni za utalii, leteni Aprili au Mei wakati wa masika. Mashine 15 za Julai, wageni wamejaa, zitoke kesho yake, hatupokei.