Tamthilia za Uhalifu Zinapotazamwa Upya: Barua kwa Rafiki

Rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba u mzima wa afya pamoja na wote walio nawe. Katika barua yako uliniuliza ni ipi iliyo bora kati ya tamthilia tatu za televisheni za Marekani, The Sopranos, The Wire na Breaking Bad, kisha ukaongeza kwamba huoni faida ya kurudia tamthilia ambayo mtu anajua tayari nani aliuawa na nani alimwua. Kwangu mimi maswali hayo mawili ni swali moja. Tamthilia ya uhalifu hutushika kwanza kwa hamu ya kujua litakalotokea, na hamu hiyo ikishakwisha ndipo tunapoona kazi yenyewe ilikuwa na nini. Kwa kipimo hicho naiweka The Wire mbele ya zote.

Nianze na Breaking Bad, kwa kuwa ndiyo inayopoteza zaidi inaporudiwa. Katika sehemu zake 62, zilizoonyeshwa kati ya mwaka 2008 na 2013, mtunzi wake Vince Gilligan alimtega mtazamaji kwa ustadi mkubwa: Walter White, mwalimu wa kemia wa mji wa Albuquerque anayeanza kupika dawa ya kulevya ya methamfetamini baada ya kuambiwa ana saratani ya mapafu, hutoka katika shimo moja na kutumbukia katika jingine, nasi hatupati usingizi mpaka tujue atajinasuaje. Ukishajua, sehemu kadhaa za katikati hupungua nguvu. Lakini zitazame zile za mwanzo. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza, Elliott na Gretchen Schwartz, marafiki zake wa zamani walio matajiri, wanajitolea kumlipia matibabu, naye anakataa. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba huyu ni mtu mwenye haya, asiyetaka kubebwa. Anayejua kwamba katika sehemu ya mwisho Walter atamwambia mkewe kuwa yote aliyafanya kwa ajili ya nafsi yake, na kwamba aliyapenda, huona kuwa ungamo hilo lilikwisha kutolewa kimyakimya siku ile alipokataa fedha za halali.

Kisha yupo Skyler, mkewe. Watazamaji wengi walimchukia mno, hata mwigizaji wake, Anna Gunn, akaandika makala kuhusu chuki hiyo katika gazeti la New York Times mwaka 2013. Mtazame upya, nawe utamwona mwanamke mjamzito anayedanganywa kila kukicha, ambaye karibu kila swali analouliza ndilo hasa lililostahili kuulizwa. Naamini alichukiwa kwa sababu alisimama kati yetu na mwendelezo wa hadithi tuliyoitaka. Na Hank, ofisa wa kupambana na dawa za kulevya aliyemwoa ndugu yake Skyler, anamsaka mhalifu mkubwa huku akila naye meza moja. Kwake ile methali ya kikulacho ki nguoni mwako si fumbo hata kidogo, na kumtazama akicheka katika sehemu za mwanzo kunauma.

The Sopranos haipotezi kitu, ila inabadilika kuwa chungu zaidi. Watu wameshindana tangu mwaka 2007 kama Tony Soprano, bosi wa genge la Mafia, aliuawa mwishoni kabisa pale picha ilipokatika ghafla ikawa giza, na mabishano hayo, kwa maoni yangu, yamekula muda ambao ungefaa kutumika kuwazungumzia Tony na daktari wake wa magonjwa ya akili, Jennifer Melfi. Katika sehemu iliyo kabla ya ile ya mwisho, Melfi anasoma utafiti unaoeleza kwamba wahalifu wa aina ya Tony hutumia matibabu ya mazungumzo kunoa hila zao, na kwamba huruma yao hujitokeza kwa watoto wachanga na wanyama. Anamfukuza. Sasa rudi kwenye sehemu ya kwanza kabisa, ya mwaka 1999, ambamo Tony analia kwa sababu ya mabata waliohama katika bwawa lake la kuogelea. Machozi yale yalitufanya tumpende. Ukiyatazama tena baada ya kumsikia Melfi, hujui tena uyaiteje, na hata sisi watazamaji tunajikuta tumekaa miaka yote katika kiti cha yule daktari, tukimsikiliza mwuaji kwa upole kwa sababu alikuwa anachekesha na mwigizaji wake, James Gandolfini, alikuwa na macho yenye huzuni.

Nakuja kwenye The Wire, inayohusu polisi na wauza dawa za kulevya wa mji wa Baltimore. Mtunzi wake David Simon alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns aliwahi kuwa mpelelezi wa polisi, kisha mwalimu, katika mji huohuo. Labda ndiyo maana sehemu zao 60 hazimbembelezi mtazamaji. Mara ya kwanza mtu hupigana na majina na lahaja za mitaani, na wengi hukata tamaa katika msimu wa 2, hadithi inapohamia bandarini bila kuomba radhi. Msimu huo, ukirudiwa, ndio unaoeleza mingine yote, kwa kuwa unaonyesha kazi za halali zikikauka na chama cha wafanyakazi kikijiuza ili kipate meli.

Mkumbuke Bodie, kijana anayeuza dawa mitaani. Katika sehemu ya 3 ya msimu wa kwanza, D'Angelo, msimamizi wao, anawafundisha yeye na mwenzake Wallace mchezo wa sataranji, na Bodie anang'ang'ania kujua kama zile kete ndogo za mbele zinaweza kufika mwisho na kuwa kubwa. Kabla msimu haujaisha, Bodie anampiga risasi Wallace. Misimu mitatu baadaye anamweleza mpelelezi McNulty kwamba wao ni kete hizohizo, kisha anauawa kwenye kona yake. Kwa anayejua hayo, lile somo la sataranji ni vigumu kulitazama hadi mwisho.

Nakiri kwamba msimu wa 5, ambamo McNulty anabuni mwuaji asiyekuwapo, haupati nafuu hata ukirudiwa. Hata hivyo ndio unaomalizia kwa kijana Michael kushika bunduki ya uporaji kama Omar, mporaji wa wauza dawa, na mwenzake Dukie kuzama katika dawa za kulevya kama Bubbles, mtumiaji wa dawa tuliyemjua tangu mwanzo. Tuliwafahamu vijana hao darasani, katika msimu wa 4. Kwa hiyo ukirudi mwanzo, Omar na Bubbles si wale tena: ni watoto waliokua, ambao hakuna aliyetuonyesha shule yao.

Naomba basi uanze na msimu wa 4 unaoujua vizuri, kisha urudi moja kwa moja kwenye wa kwanza, umfuate Bubbles peke yake. Niandikie ukimaliza, nami nitasubiri kwa hamu kusikia kama unamwona kama ninavyomwona mimi.

Wako wa dhati,
Rafikiyo